Breki za baiskeli ya zamani ya chuma: nitupe zote ninunue mpya, au fundi ataka kunikamua?

#1 Mwanabandari
Wandugu, salaam.

Nina Raleigh ya resi ya zamani, fremu ya chuma, usukani wa pembe, mtumba kutoka Uingereza. Fremu haina kutu ya maana, giya zaingia vizuri, na yakimbia. Shida ni breki. Kalipa, ile mikono inayobana ringi, ni Weinmann za kuvuta katikati, ringi ni za chuma zenye kromu, tairi 27 kwa 1¼. Jua likiwaka yasimama kwa kusitasita. Mvua ikinyesha wabana kishikio mpaka chagusa usukani, na baiskeli bado iko safarini. Kila siku napita Daraja la Nyali kuja mjini Mombasa, na nikiwa na kazi ng'ambo nashuka Likoni kwa feri. Ule mteremko mwaujua.

Fundi wangu asema dawa ni moja: tupa kalipa zote, weka Shimano za kisasa za pini mbili, kila mkono na pini yake. Pea anayo tayari, na bei ashanitajia. Kaka yangu asema huyo fundi ana njaa. Dai langu mimi ni kwamba breki hizi zilikuwa mbovu tangu kiwandani, na watu wa zamani walikuwa na roho ngumu tu. Anayepinga apinge.

#2 Chumvi_Kavu
Roho ngumu ni yako wewe unayeshuka Likoni kishikio kikigusa usukani. Leta picha. Bila picha tutakuwa twapiga ramli.

#3 FundiPembeni
Fundi mwenzangu hajasema uongo, ila ameanzia mwisho. Adui yako ni hizo ringi. Raba juu ya kromu iliyolowa haina pa kushika. Maji yakishatanda, ringi hupita tu katikati ya raba, mpaka izunguke mara kadhaa ndipo ipanguke na breki ianze kazi, na hapo matatu ya mbele ishasimama kitambo kushusha abiria. Nunua kalipa ya mashindano ya juu kabisa uifunge kwenye ringi ya kromu, siku ya mvua utarudi hapa hapa kulia.

Viwanda vyenyewe vilijua. Ndiyo sababu kulitengenezwa raba zenye kipande cha ngozi usoni, makusudi kwa ringi za chuma. Tafuta ringi za alumini, mengine baadaye.

#4 Binti_wa_Tudor
Kabla hajaingia gharama ya ringi na kusukiwa spoku upya, aangalie raba. Baiskeli kama hiyo imelala bandani Ulaya miaka, ikaingia kontena, ikaanikwa juani kwa muuzaji. Raba ya breki ikizeeka hukauka. Ibonyeze kwa ukucha: usipoacha hata alama, hapo hakuna raba tena.

Yangu ni Peugeot, chuma pia. Raba nilizozikuta zilikuwa zang'aa usoni. Binamu aliniletea Kool-Stop, zile za rangi ya samoni, nikazifunga kwenye kalipa zile zile. Breki ikarudi. Katika vyote vilivyotajwa hapa, raba ndiyo ya bei ndogo kabisa.

#5 Mwanabandari
Nimejaribu ukucha. Umeteleza.

#6 FundiPembeni
@Binti_wa_Tudor ringi za Peugeot yako ni za nini?

#7 Binti_wa_Tudor
Alumini.

#8 FundiPembeni
Haya. Sina la ziada.

#9 Binti_wa_Tudor
Unalo, ila hulitaki. Hizo alumini zilikuwepo tangu mwanzo na breki ilikuwa haishiki. Kilichobadilika ni raba peke yake.

#10 MzeeSpoku
Wanangu, hebu nami nitie neno. Breki za kuvuta katikati mnazozitukana, Mafac za Wafaransa zilishuka milima ya Tour de France miaka na miaka, na waliokuwa juu yake hawakuwa wakienda sokoni. Weinmann nao walizitengeneza, na Wajapani wa Dia-Compe wakachukua leseni wakazitengeneza vile vile. Kitu kibovu hakinunuliwi leseni.

Lakini kijana, kwani yakushughulisha nini breki ya mbele? Yangu niliitoa zamani. Breki ya mbele humrusha mtu juu ya usukani. Itengeneze ya nyuma uende zako. Na hiyo ringi ya alumini chukua yoyote, 27 na 700 ni kitu kimoja, majina tu.

#11 Chumvi_Kavu
Shikamoo Mzee. La Mafac nakubali. Hayo mawili ya mwisho hapana.

27 ni milimita 630 pale tairi inapokaa. 700C ni 622. Tofauti ni milimita 8 za kipenyo, yaani 4 kila upande. Tairi ya moja haikai kwenye ringi ya nyingine, na raba za breki zafaa zishuke milimita 4 ukihama kutoka 27 kwenda 700. @Mwanabandari soma ubavuni mwa tairi yako, utaona 32-630.

La breki ya mbele nitarudi, niko kazini.

#12 MzeeSpoku
Marahaba. Hizo namba ni za juzi. Sisi twauliza 28, twapewa 28, twafunga.

#13 KutuYaBahari
Na hapo ndipo watu hutapeliwa, Mzee. 28 kwa 1½ ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ni 635. Wajerumani nao hiyo 622 huiita 28. Duka likikwambia "28 ipo", wewe uliza namba tatu za mwisho. Nimemwona mtu Mwembe Tayari aking'ang'ana na tairi ya 635 kwenye ringi ya 622. Iliingia bila hata kutumia spana, akafurahi. Akajaza upepo, ikatoka yenyewe.

#14 Vipuri_Pwani
Kalipa zipo, raba zipo, ringi zipo. Bei njoo inboksi.

#15 Chumvi_Kavu
Ringi ya alumini, 630, matundu 36, ipo?

#16 Vipuri_Pwani
Njoo inboksi.

#17 Binti_wa_Tudor
Hana.

#18 KutuYaBahari
Mwasema ringi, mwasema raba, hakuna aliyegusa waya. Huu mji ni wa chumvi. Baiskeli ikilala nje usiku mmoja karibu na bahari, asubuhi waweza kuilamba ukaijua.

Kazi ya kwanza kwa baiskeli ya mtumba: legeza nati ya kalipa, vuta waya wote utoke kwenye kava. Mimi niliufanyia hivyo wa jirani yangu wa Mji wa Kale. Ulitoka kwa kukwaruza, na ulipotoka ukamwaga unga mwekundu sakafuni, kutu tupu. Karibu na nati nyuzi tatu nne zilikuwa zimekatika na kujisokota, zilizobaki ndizo zilizokuwa zabeba kazi yote. Kava nayo mpira wa nje ulikuwa mzima kabisa, hata waweza kusema mpya, ila ule mviringo wa chuma wa ndani umelika. Ukibana kishikio, nusu ya nguvu yaishia kwenye kuminya kava na kusugua kutu. Raba haipati kitu.

Nunua waya usioshika kutu na kava mpya. Na kava iwe ya breki. Ile ya giya nyuzi zake za ndani zimelala kwa urefu, ukiibana kwa nguvu ya breki yaweza kupasuka. Kuna mafundi hufunga yoyote iliyo karibu.

#19 FundiPembeni
"Kuna mafundi." Asante.

#20 KutuYaBahari
Aliyewashwa ajikune.

#21 Mwanabandari
Picha nimeziweka. Kwenye mkono wa kalipa ya mbele pameandikwa Weinmann Vainqueur 999, Type 610. Ya nyuma 750. Ni za aina mbili tofauti? Ama mtu alichanganya?

Pia ina vishikio vya pili, vile vinavyopita chini ya sehemu ya juu ya usukani, nami ndivyo nivitumiavyo.

#22 Chumvi_Kavu
Sasa ndio twazungumza. Viondoe hivyo vishikio vya pili, ndivyo vikuuavyo. Bati jembamba, lajipinda kabla breki haijabana, na safari yake ni fupi, lagonga usukani mapema. Ukihitaji kusimama kweli, shika chini kwenye pembe uvute vishikio vyenyewe. Aina nyingine ukivitoa pini yabaki ndefu na kishikio chachezacheza, itabidi upate pini fupi au washa.

Namba 610 na 750 hazikuchanganywa. Ndivyo zilivyofungwa baiskeli nyingi za aina hiyo. Ni urefu wa mkono: moja yafika kama milimita 61, nyingine 75. Nyuma tundu la bolti liko mbali zaidi na ringi, kwa hivyo mkono ni mrefu.

#23 Binti_wa_Tudor
Na mkono mrefu una nguvu kidogo ya kubana. Ndiyo maana ya nyuma kila mtu huiona imelala.

#24 MzeeSpoku
Yangu ya nyuma haijalala.

#25 Binti_wa_Tudor
Mzee, yako ndiyo hiyo moja tu. Utailinganisha na ipi?

#26 FundiPembeni
@Mwanabandari pima hivi. Kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki, shuka moja kwa moja mpaka katikati ya pale raba inapogusa ringi. Mbele na nyuma. Hapo tutajua kama kalipa za fundi wako zafika. Shimano nyingi za resi za kisasa ni za milimita 39 mpaka 49. Zikiwa ni hizo, akuuzie za nini?

#27 Pwani_Kusini
Mimi nitawashangaza. Weka diski. Dunia imehama huko.

#28 FundiPembeni
Utaifunga wapi? Foki ya zamani haina masikio ya kalipa ya diski, haba (kitovu cha gurudumu) haina pa kufungia sahani. Ukichomelea masikio, bomba jembamba la foki halikutengenezwa lipokee nguvu upande mmoja kule chini. Breki ya ringi husukuma juu, karibu na kichwa cha foki, penye unene. Ya diski hupinda mguu mmoja. Sitaki kuwa fundi wa kazi hiyo.

#29 Pwani_Kusini
Nilikuwa natania kidogo.

#30 FundiPembeni
Kuna mtu Changamwe hakuwa akitania. Alinijia na mashine ya kuchomelea ameshaikodi.

#31 Chumvi_Kavu
Nimerudi, breki ya mbele. Ukifunga breki uzito wote wa mwili na baiskeli wajitupa mbele. Gurudumu la nyuma lawa jepesi, ukilibana lateleza. La mbele ndilo lenye mshiko, ndilo lifanyalo kazi kubwa. Campagnolo wakati fulani walikuwa wakiuza seti ambayo kalipa ya mbele ni ya pini mbili na ya nyuma ni ya pini moja, kwa sababu nyuma hakuhitaji nguvu nyingi. Kurushwa kupo, ila ni kwa anayebana ghafla huku mikono imelegea. Weka makalio nyuma, kaza mikono, bana polepole ukiongeza.

Mtu wa kutoa breki ya mbele ametoa breki.

#32 MzeeSpoku
Wewe umewahi kubeba kreti za mikate nyuma? Mimi nimebeba, kutoka mjini mpaka Kisauni, alfajiri. Ukiwa na mzigo kule nyuma gurudumu haliwi jepesi hata ufanye nini. Breki ya nyuma yashika mpaka yaandika lami.

#33 Chumvi_Kavu
Kwa mzigo wa nyuma nakukubalia, Mzee. Lakini huyu kijana ana resi, habebi mikate.

#34 MzeeSpoku
Na mikate hiyo ilikuwa ikipita daraja la zamani. Nyinyi hamlijui.

#35 Pwani_Kusini
Lile la kuelea? Si ndilo la Liwatoni, la wakati wa korona? La kwanza la kuelea Mombasa.

#36 MzeeSpoku
Nani kakwambia la kwanza? Daraja la Nyali lenyewe lilikuwa la kuelea, tangu 1931. Hili la zege mpitalo ni la 1980. Ulizeni wazazi wenu kabla ya kuandika.

#37 Pwani_Kusini
Nimeuliza. Mama asema kweli. Yaishe.

#38 Mtoto_wa_Tanga
Habari za huko. Huku Tanga baiskeli ni maisha, nisameheni nikiingilia. Mbona hakuna aliyeuliza kishikio kipi ni cha mbele? Mitumba ya Uingereza mkono wa kulia ndio wa mbele, ya nchi nyingi za bara la Ulaya ni wa kushoto. Mtu ana Raleigh leo, kesho anaazima Peugeot ya rafiki, anabana kulia akidhani ni mbele, gurudumu la nyuma linakimbia. Au anabana kushoto akidhani ni nyuma, na hapo ndipo habari za kurushwa zinapotoka.

#39 Binti_wa_Tudor
Umesema kitu. Yangu kweli kushoto ndiyo mbele. Kaka yangu aendesha pikipiki, ambayo breki ya mbele iko kulia, na kila akiichukua baiskeli yangu arudi akitukana.

#40 Mwanabandari
Yangu kulia ni mbele. Nimepima. Mbele milimita 54. Nyuma 66.

Fundi nimemuuliza, za kwake ni 49 mwisho. Akanyamaza. Halafu akasema "tutaongeza tundu".

#41 FundiPembeni
Kimbia.

#42 KutuYaBahari
Kimbia na baiskeli, usiiache kwake.

#43 Chumvi_Kavu
Hapa ndipo utamu ulipo. Kwa 54 za mbele kuna kalipa za mkono mrefu, milimita 47 mpaka 57, Tektro watengeneza (R539) na Shimano walikuwa nazo. Ni za pini mbili, zabana vizuri, zakaa katikati bila kulalia upande mmoja. Zaingia kwako leo bila kugusa ringi.

Lakini ukimsikiliza FundiPembeni, ukanunua alumini za 700C kwa sababu za 27 hazipatikani, ile 54 yawa 58. Umepitiliza kwa milimita moja. Nyuma ile 66 yawa 70, huko usifikirie. Kwa maneno mengine, ukibadilisha ringi waharibu kalipa mpya, ukibadilisha kalipa wabaki na kromu.

#44 Pwani_Kusini
Milimita moja si kazi ya tupa tu? Refusha kijitundu cha raba.

#45 FundiPembeni
Tupa hapana. Mkono wa alumini pale chini ndipo penye kazi, na wewe wataka kuupunguza nyama.

Ipo pia Tektro R559, yafika 55 mpaka 73. Hiyo yatosha mbele na nyuma kwa 700C.

#46 Binti_wa_Tudor
Mkono wa milimita 73 utabana vipi? Tumerudi kule kule kwa 750. Bora abaki na Weinmann zake, tayari zafika 61 na 75. Mbele 58 iko ndani, nyuma 70 iko ndani. Ringi mpya, raba mpya, kalipa zile zile za bure. Wala hakuna wa kutoboa kitu.

#47 FundiPembeni
Hiyo nimeipenda, japo imetoka kwako.

#48 Mtoto_wa_Tanga
Suala la kutoboa msilipite haraka. Kalipa za kisasa bolti yake ni fupi, inafungwa na nati ndefu inayozama ndani ya foki kutoka nyuma. Foki ya zamani tundu ni milimita 6 mbele na nyuma, nati ile inataka 8 upande wa nyuma. Inatobolewa upande wa nyuma tu. Nimeona fundi mmoja amepitisha keni ya kutobolea ya 8 mpaka mbele, kalipa ikawa inacheza kila ukibana. Foki nzuri kabisa, imekwenda hivyo.

#49 Chumvi_Kavu
Kuna njia ya kukwepa keni kwa gurudumu la nyuma: kalipa ya mbele bolti yake ni ndefu zaidi, waweza kuifunga nyuma kwa nati ya kawaida. Kwa foki lakini lazima keni, au utafute kalipa yenye bolti ya mtindo wa zamani.

#50 KutuYaBahari
Nyote mwaongea vyuma. Hakuna atakayejaribu waya wa shilingi chache?

Na @Mwanabandari, ukinunua waya angalia kichwa. Kishikio cha usukani wa pembe chataka kichwa cha umbo la peasi. Madukani mwetu waliojaa ni wa baiskeli za milima, kichwa cha pipa dogo, na wengi hukipiga tupa mpaka kiingie. Kikichomoka, chachomoka siku umebana kwa nguvu zote. Kuna waya wenye vichwa vyote viwili, kimoja kila ncha, wakata usichotaka. Tafuta huo.

#51 FundiPembeni
Wakati wa kufunga, ule waya mfupi unaounganisha mikono miwili ya kalipa, kile kipande cha kati kinachouvuta kishushe chini. Pembe ikiwa bapa zaidi, nguvu yaongezeka.

#52 KutuYaBahari
Na kishikio chasafiri zaidi, nacho tayari chagusa usukani. Atapata nguvu asiyoweza kuifikia.

#53 FundiPembeni
Kwa kava mpya hakitagusa.

#54 KutuYaBahari
Kumbe kava ni muhimu.

#55 Saba_Saba_Rider
Nimesoma kuanzia juu. Mbona hakuna aliyeuliza ringi ilipanguswa na nini? Wauza mitumba hufuta kromu kwa dizeli ing'ae. Mnunuzi aona kioo, afurahi. Mafuta yaingia kwenye raba, kwisha habari. Yangu niliiosha kwa sabuni ya kipande na maji moto, nikapitisha spiriti, nikasugua raba kwa msasa mpaka ule weusi wa juu ukatoka. Sikununua kitu.

#56 Mwanabandari
Sasa kwa kuwa umesema, ilinukia dizeli nilipoinunua. Nilidhani ni ya lori.

#57 Binti_wa_Tudor
Ringi, raba, waya, kishikio, dizeli. Yabaki jini.

#58 MzeeSpoku
Jini usilitaje usiku.

#59 Mwanabandari
Wandugu, taarifa. Kwa fundi sikurudi. Ringi nimeziosha kwa spiriti, nimefunga raba mpya, waya na kava mpya za breki, kichwa cha peasi, na vile vishikio vya pili nimevitoa. Raba nimeziweka ncha ya mbele itangulie kugusa ringi kidogo, zisipige kelele. Kalipa na ringi ni zile zile.

Mbele sasa yashika. Kishikio chasimama katikati ya safari, kigumu, hakifiki usukani. Leo nimeshuka Likoni na kidole kimoja kimoja. Nyuma ni nafuu, si zaidi. Asanteni nyote.

#60 Binti_wa_Tudor
Raba. Nilisema.

#61 KutuYaBahari
Raba ipi? Soma tena: kishikio hakifiki usukani. Hilo ni kava.

#62 Chumvi_Kavu
Hakifiki usukani kwa sababu ametoa vya pili na sasa avuta vyenyewe.

#63 Saba_Saba_Rider
Na spiriti je?

#64 FundiPembeni
Amebadilisha vitu vinne kwa mpigo, hakuna hata mmoja wenu awezaye kudai. Mimi nangoja mvua. Ringi bado ni kromu.

#65 Mwanabandari
@FundiPembeni mvua ikija nitapanda matatu.

#66 FundiPembeni
Basi ringi hujaitengeneza.

#67 Vipuri_Pwani
Ringi ya alumini 630 imepatikana, moja, matundu 36. Imetumika. Bei njoo inboksi.

#68 Binti_wa_Tudor
Ya mbele ama ya nyuma?

#69 Vipuri_Pwani
Ringi ni ringi dada. Haina mbele wala nyuma.

#70 FundiPembeni
Kwa hilo yuko sawa, matundu yakilingana na haba. @Mwanabandari ichukue ya mbele, uliyo nayo iende ukutani. Kabla hujalipa ipitishe kidole pale raba inapogusa. Ukisikia imeingia ndani kama kisahani, imeshalika, ukuta wake umebaki mwembamba, mrudishie. Angalia pia kwenye matundu ya spoku kama kuna nyufa au unga mweupe. Alumini nayo chumvi huila, ila kwa rangi nyingine.

#71 Mwanabandari
Niko njiani kuiona. Muuzaji yuko Kongowea.

#72 Mgeni_Jomvu
Samahani kuingilia uzi. Mimi ni Black Mamba, breki za fimbo za chuma, si waya. Ya mbele ikibanwa yapiga kelele na haishiki. Hizi raba za Weinmann mnazozitaja zaweza kuingia?

#73 MzeeSpoku
Haziingii, mwanangu. Breki ya fimbo haibani ringi kwa ubavu, yavutwa juu igonge ringi kwa ndani, upande wa spoku. Raba zake ni aina yake, na zipo kwenye kila duka la baiskeli. Kwanza tazama kama fimbo imepinda au kile kibano cha kuipimia urefu kimelegea. Uifunge raba ikaribie ringi bila kuigusa, zungusha gurudumu uone kama yagusa mahali pamoja tu. Ikigusa pamoja, ringi imepinda, ipeleke ikanyooshwe spoku kwanza.

#74 Mgeni_Jomvu
Yagusa pamoja.

#75 MzeeSpoku
Upande wa valvu ama mkabala wake?